Dada amejichubua, ananiuliza kama amependeza

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa mtoto wa miezi saba, naishi Tabata. Dada yangu amenizidi miaka tisa, na baba alipofariki yeye ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha sita. Nalisema hili mapema ili ujue simsemi mtu baki.

Dada alikuwa maji ya kunde, na kila mtu alimjua hivyo. Alipojifungua mtoto wa pili alitokwa na madoa meusi mashavuni. Duka la dawa wakampa krimu ya tyubu, madoa yakafifia, akafurahi, akaendelea. Kutoka usoni akashuka shingoni, mikononi, miguuni. Siku hizi ni mkorogo mwili mzima. Saluni wanamchanganyia kwenye kopo jeupe lisilo na maandishi, anapaka asubuhi na usiku. Kabla ya kupaka anavua pete na bangili, eti walimwambia dawa inaharibu dhahabu.

Mwanzoni kweli alitakata. Sasa mashavu yamekuwa mekundu kama aliyebabuka, mishipa midogo inaonekana, na pembeni mwa macho umeingia weusi wa kibluu. Vifundo vya vidole, viwiko na masikio vimebaki vyeusi kabisa. Mapajani ana michirizi mipana. Akikaa juani kidogo anawashwa. Na juu ya yote hayo anapaka poda nyeupe kuliko hata hiyo ngozi.

Wiki tano zijazo ni sendoff ya mdogo wetu wa mwisho, na dada ndiye mwenyekiti wa kamati. Juzi katuma kwenye kundi la familia picha akijaribu gauni. Mashangazi wakaweka maua na makofi. Mabinamu wakafungua kundi jingine pembeni, na mimi wakaniingiza, humo wanamwita Fanta-Koka. Jioni yake akanipigia: "Hawa wananisifia tu. Wewe hujawahi kunidanganya. Nimependeza au nimeharibu?" Nikasingizia mtoto analia, nikakata simu. Hajauliza tena, lakini najua anasubiri.

Mama anasema nimwache, mwili ni wake, na kwamba aliyemfikisha huko ni shemeji, ambaye ana nyumba ndogo ya mwanamke mweupe. Mimi pia naamini hivyo. Mume wangu hataki kabisa dada ambebe mtoto wetu. Na dada, kwa upendo wake, ameniletea na mimi kopo, nipake nisije nikapotea kwenye picha. Limekaa kabatini.

Nimefikiria siku akija kulala kwangu niyachukue makopo yake yote niyamwage chooni, yaishe. Au nimwambie ukweli sasa hivi? Au ningoje sendoff ipite? Nisaidie Anti, kabla sijaharibu.

Mdogo mtu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Dada yako amekuuliza swali moja, lakini ndani yake yamo mawili, na nadhani ndiyo maana ulikosa la kusema. La kwanza ni la sura: amependeza au la. Hilo hata ukikosea kulijibu, atanuna wiki mbili zitapita. La pili hajaliuliza: hicho anachopaka kinamfanya nini. Ukiyajibu yote mawili kwa pumzi moja, atasikia la kwanza tu.

Kabla hatujafika kwenye la kusema, niruhusu nikurudishe kwenye barua yako mwenyewe. Wewe na mama mmeshakubaliana kuwa chanzo ni shemeji. Huenda ikawa kweli. Lakini uliyoyaandika yanaanzia kwingine: madoa ya mashavuni baada ya kujifungua. Madoa hayo huletwa na homoni za ujauzito yakichochewa na jua, huwapata wanawake wengi sana, na hayana uhusiano wowote na kujidharau wala kugombea mwanaume. Alikwenda dukani kama mgonjwa, akapewa dawa kali bila kuambiwa mwisho wake. Ukianza mazungumzo na habari za nyumba ndogo, utakuwa umemvua nguo mahali ambapo hakukualika. Ukianza na madoa, utakuwa umeanza pale alipoanzia yeye.

Jambo lingine ulilochukulia kuwa hakika ni kwamba hajioni. Mtu anayeuliza "au nimeharibu?" kioo kimeshamwambia. Huna haja ya kumwelezea uso wake.

Sasa kuhusu kopo. Kwa mchanganyiko usio na maandishi hakuna anayeweza kuapa kilichomo, ila dalili ulizoziandika zina mpangilio, na kila moja inaelekea mahali pake. Wekundu, mishipa inayoonekana na michirizi mipana ni alama za steroidi kali, mara nyingi klobetasoli. Hii ni dawa halali ya ukurutu na pumu ya ngozi, na kwenye tyubu zake utaona jina linaloanza na "clobet" au, kwa ndugu yake, "betameth". Saluni huzikamua tyubu kadhaa ndani ya chupa ya losheni. Kitaalamu haitakiwi kuzidi wiki mbili mfululizo, wala kuzidi gramu 50 kwa wiki, na usoni haipakwi kabisa. Mwili mzima wa mtu mzima hula krimu kama gramu 20 kwa kupaka mara moja. Mara mbili kwa siku, kwa wiki zinafika gramu 280. Hata kama ndani yake nyingi ni losheni, kuizimua steroidi hakupunguzi ukali wake kwa kiwango watu wanachodhani.

Weusi wa kibluu pembeni mwa macho ni habari nyingine. Huo mara nyingi ni wa haidrokwinoni iliyotumika muda mrefu. Dawa hiyo huzuia ngozi kutengeneza rangi, lakini ikizidi, rangi nyingine hujijenga ndani kabisa ya ngozi, hasa kwenye mifupa ya mashavu na kuzunguka macho, na ni ngumu mno kuiondoa. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Wanaona weusi, wanaongeza kopo, kopo linaongeza weusi. Vifundo na viwiko vinabaki nyuma kwa sababu ngozi yake ni nene, inasuguliwa kila siku na dawa haipenyi vizuri. Hata angepaka miaka kumi, visingelingana na uso.

Hilo la kuvua dhahabu ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu ni moja ya ishara za zebaki. Kwenye bidhaa zenye maandishi hujificha kwa majina yenye "mercur" au "calomel". Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na pia kwa kuvuta hewa yake, na kiungo kinachoumia kwanza mara nyingi ni figo: mkojo wenye povu lisiloisha, macho kuvimba asubuhi, na miguu kuvimba. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi zimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, badala ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ila mkaguzi hukagua bidhaa dukani. Kopo la kukorogwa chumba cha nyuma halipiti mezani kwake.

Sasa turudi kwenye wazo lako la kumwaga chooni. Nalielewa, ni wazo la mtu anayependa. Lakini ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa ghafla hulipuka: ndani ya siku chache hadi wiki mbili au tatu huwa nyekundu, huwaka moto, huvimba, hutoka vipele na kubanduka. Anayepitia hayo bila kuelezwa huamini kwamba kopo ndilo lililokuwa likimtunza, na hulirudia siku hiyo hiyo. Na si ngozi peke yake. Steroidi ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hulala, zikaacha kutengeneza homoni ambayo mwili unaihitaji ili kuhimili homa, njaa au upasuaji. Akiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kupata kizunguzungu kila akisimama, kutapika, kuumwa tumbo, hata kuzimia. Dalili hizo zikimpata, kwa sababu yoyote ile, ni za kukimbiza hospitali usiku huo huo na kumwambia daktari waziwazi: amekuwa akipaka steroidi.

Kwa hiyo neno kali linalomfanya atupe makopo leo kwa hasira linaweza kumuumiza kuliko ukimya wako. Si kwamba ninakushauri unyamaze. Nataka ujue kwamba kinachotafutwa ni yeye kufika kliniki akiwa na makopo mkononi.

Ukiamua kumwambia sasa, una faida ya kuwa yeye ndiye aliyeuliza, na mlango huo haukai wazi muda mrefu. Hatari yake ni hizo wiki tano. Akiacha kwa pupa, ule mlipuko unaweza kuangukia siku ya sendoff yenyewe, na atakuwa na picha mbaya kuliko hii na mtu wa kumlaumu. Ukingoja sendoff ipite, unamwachia sherehe yake, lakini ni wiki tano zaidi za kupaka, pengine na kuongeza, maana watu huongeza mkorogo sherehe ikikaribia. Isitoshe, akija kugundua kundi la mabinamu na wewe umo, ukimya wako atausoma vingine. Ipo njia ya kati, ya kumjibu sehemu tu: gauni sasa, ngozi sasa kwa upande wa afya, sura usiiguse. Na yenyewe ina tatizo lake, dada mwerevu atakuona unakwepa. Huenda akakubana, "sema basi." Ujiandae kwa hilo.

Vyovyote utakavyochagua, isiwe kwenye simu wala mbele ya watoto. Nenda kwake mchana, mkae chumbani. Usiseme "umejiharibu", usiseme "zamani ulikuwa mzuri", na rangi ya mtu mwingine yeyote isitajwe. Unaweza kusema hivi: "Dada, uliniuliza nikakimbia, kwa sababu sikuwa na wasiwasi na gauni, nilikuwa na wasiwasi na ngozi yako. Naona inakuwasha. Madoa yalipoanza ulipewa dawa ambayo hukuambiwa namna ya kuiacha. Nataka twende wote kwa daktari wa ngozi." Kisha nyamaza. Akikasirika, usibishane. Akilia, usiharakishe kumfuta. Akikubana juu ya sura, unaweza kumjibu ukweli mdogo ambao tayari anaujua: "Mashavu yamekuwa mekundu, na poda hiyo haifanani na shingo yako." Ni kweli, na inarekebishika.

Kama unaona kwako itakuwa nzito, mtu wa tatu anaweza kuwa mama, ila mama ameshamtia hatiani shemeji, na mazungumzo yatahamia huko. Daktari au nesi anayemwona kwa jambo lingine, mfano kupima presha, huwa afadhali. Presha na sukari anatakiwa azipime hata hivyo, maana steroidi hupandisha zote mbili.

Kliniki ya ngozi ipo Muhimbili na kwenye hospitali kubwa za rufaa; kwa walio kaskazini, KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Abebe kila anachopaka: kopo, sabuni, tyubu za zamani, vidonge au sindano za kung'arisha kama zipo. Asioge mkorogo asubuhi hiyo kwa ajili ya kupendeza. Aombe kupimwa mkojo kuona protini, presha, sukari, na aseme kama ananyonyesha au anatarajia kushika mimba. Kwa kawaida daktari humshusha ngazi kwa ngazi: dawa dhaifu zaidi, usoni pengine haidrokotizoni ya asilimia moja kwa muda mfupi, kisha siku moja ndiyo moja siyo, kisha mara mbili kwa wiki. Ratiba huchukua wiki, pengine miezi, na hupangwa na daktari aliyemwona. Msiipange nyumbani kwa kunisoma mimi. Na muwe wakweli juu ya matokeo: wekundu mwingi hupungua, rangi ya asili hurudi taratibu na kwa mabaka kwanza, lakini michirizi haifutiki na ule weusi wa kibluu hukawia sana.

Jua ni adui wa matengenezo hayo yote. Mtandio, mikono mirefu, na krimu ya kuzuia jua ya kipimo (SPF) cha 30 au zaidi, yenye rangi ya ngozi. Nasisitiza yenye rangi, kwa sababu madoa kama yake huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, na kinachouzuia ni madini ya chuma yanayoipa krimu hiyo rangi. Ile nyeupe hufanya nusu ya kazi.

Kwa siku ya sendoff yenyewe kuna mengi unayoweza kumsaidia bila hotuba. Mpambaji achague faundesheni inayolingana na shingo na kifua, asifuate mashavu, na ajaribishe angalau wiki moja kabla, tena nje mchana, kwa sababu taa za saluni hudanganya. Wekundu hufichwa kwanza kwa krimu yenye ukijani kidogo, iliyopakwa nyembamba. Poda nyeupe iachwe. Kwenye mwanga wa kamera ndiyo inayoutoa uso peke yake mbele ya mwili. Lesi ya mikono mirefu inayofika kifundoni huficha viwiko bila mtu kuuliza.

Msimkubalie nta ya kutoa vinyweleo wala singo ya kusugua kwa nguvu. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi huchanika kwa kitu kidogo na kupona kwake ni kwa shida. Hina ya majani isiyochanganywa kitu haina neno, lakini piko nyeusi hapana: mara nyingi huchanganywa na unga wa kutia nywele rangi, na kwenye ngozi kama hiyo inaweza kuleta malengelenge yatakayobaki alama za maua mkononi mwaka mzima.

Mume wako kuhusu mtoto hajakosea jambo lenyewe, amekosea namna. Mtoto mchanga hulamba kila anachoshika, na zebaki ikiwepo hushika pia taulo, mashuka na mito. Si lazima umnyime mama mkubwa mtoto wake. Anawe mikono mpaka viwikoni kwa sabuni, avae mikono mirefu au umtandikie khanga safi begani, na mtoto asilale kitandani kwake wala kufutwa kwa taulo lake. Ukishampeleka dada kliniki, mtaje na mtoto kwa daktari, hasa akiwa anasumbuka bila sababu au viganja na nyayo zimekuwa nyekundu.

Kundi la mabinamu unaweza kutoka leo bila maelezo.

Limebaki kopo lililo kabatini kwako, na hilo usilimwage, usilichome moto, wala usimpe dada wa kazi. Kama lina zebaki, kulichoma kunaijaza nyumba mvuke wake, na chooni linaenda kwenye maji. Lifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, uliweke juu mbali na mtoto. Ndilo lile lile analopaka yeye, kwa hiyo unaweza kutangulia nalo kwa daktari wa ngozi kabla hujazungumza naye, ukasema tu, "Nimepewa hili, kuna mtu wangu analitumia mwili mzima asubuhi na usiku." Utarudi na majibu ya mtu aliyelishika mkononi, na utajua hata tarehe gani inaweza kupatikana kliniki. Dada atakapokubali, hata kama ni siku tatu kabla ya sendoff, usiwe ndio kwanza unaanza kutafuta foleni.